Milioni Moja na Moja

Nyumba ya kona, chumba cha uani,
Jumanne, tarehe 9.

Mpendwa mdogo wangu Mbishi,

Hujambo? Wifi yangu na mapacha hawajambo? Ule mguu ulioumia kazini umepona? Sisi tupo, tunasukuma siku. Mgongo haunipi nafasi, maana kumgeuza Baba kitandani ni kazi ya watu wawili, na mtu wa pili ni wewe.

Sikuandikii kukulaumu. Nimechoka tu, na nikichoka mdomo wangu unakosa breki.

Tangu apooze upande wa kulia, Baba anaandika kwa mkono wa kushoto, tarakimu kubwa kama vikombe. Nilidhani ni mazoezi ya daktari. Kumbe ni ile namba yenu, milioni moja na moja.

Najua hujaisahau. Mwalimu wako, ambaye kwa bahati mbaya ndiye baba yako, aliliambia darasa zima kuwa ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Ukasema inagawanyika. Akakutoa nje, na kwenye ripoti akaandika kwamba hesabu huziwezi. Ukaziacha kweli, ukaenda kuchomelea vyuma huko mbali. Miaka kumi na tisa hujakanyaga hapa.

Basi wiki tatu nzima nimemshikia karatasi, akiigawa kwa namba tasa ndogo, moja baada ya nyingine. Mbili na tano alizipita haraka, kwa kuangalia mwisho tu. Tatu ikabakiza mbili. Saba ikabakiza mbili, kumi na moja mbili, kumi na tatu mbili tena. Akanuna kana kwamba namba inamtania. Alipomaliza tisini na saba nilishukuru, nikijua nitapumzika, kwa sababu chati yake ya namba tasa, ile ya ukutani darasani, iliishia hapo, na siku ile naye aliishia hapo hapo. Akatikisa kichwa. "Bado."

Iliyofuata ni mia moja na moja. Ikaingia bila kubakiza kitu, mara elfu tisa mia tisa na moja. Aliitazama mpaka chai ikapoa.

Kisha akanituma kabatini, chini ya mashati. Daftari lako liko pale, Mbishi, miaka yote hii. Jibu lako, 101, lina alama ya kosa nyekundu. Akaweka tiki pembeni yake, imepinda vibaya. Nililia mbele yake, sikujificha.

Nilitegemea aseme samahani. Unamjua. Akasema, kwa ulimi wake mzito, "Nusu maksi. Jibu sahihi, ila njia hakuonyesha. Aje aonyeshe."

Daktari hazungumzii tena miezi, anazungumzia wiki.

Shangazi anakusalimu sana, na fundi cherehani wa jirani pia. Wabusu mapacha. Mungu akulinde njiani, maana nakuhesabu uko njiani.

Daftari silitumi kwa posta. Liko mezani kwake, limefunuliwa, na kalamu juu yake.

Ni mimi dada yako,
akupendaye hata nikiwa hoi.