Mama Katili wa Gazetini

Jumapili, 6 Aprili

Nasahihisha insha za kidato cha pili tangu asubuhi. Wengi hawajui kuweka nukta. Likizo imeanza na mimi bado nimo katika kazi za shule.

Kabla ya adhuhuri Kazungu, mhariri wangu, akanitumia picha ya ukurasa wa gazeti. Tahakiki ya riwaya yangu. Ukurasa mzima. Riwaya za vijana huwa zinapewa aya mbili pale chini, karibu na matangazo ya viwanja. Na mhakiki mwenyewe ni mtu anayeogopwa. Anasema lugha imetulia. Anasema vijana hawadanganywi humu. Kisha hii: "Mama wa Zuhura ndiye mama katili kuliko wote niliokutana nao katika vitabu vya vijana. Anachoma vitabu vya bintiye bila kupepesa jicho."

Nilisoma nimesimama. Furaha. Halafu nikairudia sentensi ile ya mwisho.

Jumatatu, 7 Aprili

Simu hazikomi. Walimu wenzangu, jamaa wa shule ya Ganda niliosoma nao, watu nisiowakumbuka.

Kazungu anasema kutakuwa na chapa ya pili. Sentensi ya mama katili itawekwa jalada la nyuma, kwa herufi kubwa. Anataka idhini yangu wiki ijayo. Nikamwambia nitafikiria. Akacheka. "Cha kufikiria ni kipi, Asya? Wenzako wanazililia sifa kama hizi."

Hakuna aliyeniuliza mama yule nimemtoa wapi. Riwayani nyumba nimeihamishia Kilifi, kule Kibarani. Baba nimemfanya fundi cherehani. Moto sikuubadilisha. Nilikuwa na miaka kumi na minne, uani kwetu Mambrui. Mama alivitia vitabu vyangu jikoni akapikia mbaazi, na jioni tukazila.

Jumatano, 9 Aprili

Nimekwenda Mambrui. Mama anakaa na kaka yangu na mkewe, Halima. Habari zilikuwa zimefika kabla yangu, na gazeti lipo juu ya kabati.

"Hebu nisomee," mama akasema.

Mama anasoma Kurani, na barua za zamani zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Herufi hizi zetu za shule hakufundishwa. Nikamsomea. Nilipofika penye mama katili nikaruka. Niliruka vizuri, hata sauti haikutetereka.

"Alhamdulillahi. Wamekusifu mwanangu." Akanikatia mkate wa sinia, kipande kikubwa. Sikukimaliza.

Najichukia.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Situlii. Nimepiga pasi nguo zisizohitaji pasi. Nimepanga vitabu, nimevipangua. Nimemwandikia Kazungu kwamba sentensi ile iondolewe. Sikutuma. Nikafuta.

Kweli ni kwamba naitaka jaladani. Nimeandikia watoto miaka mingi na hakuna aliyegeuza shingo. Watu huniuliza lini nitaandika kitabu cha watu wazima, kana kwamba bado najifunza. Leo mtu mkubwa amenisoma kwa makini, na alichokipenda zaidi ni ubaya wa mamangu.

Ijumaa, 11 Aprili

Halima amepiga baada ya sala ya Ijumaa. Aliongea kwa sauti ya chini. Jana mama alimpa gazeti amsomee tena, alitaka tu kusikia sifa zangu upya. Halima hakujua pa kuruka. Akasoma yote. Mama akamwambia arudie ile sentensi. Akarudia. Mama akainuka kwenda kuanua nguo, na nguo zenyewe zilikuwa bado mbichi.

"Tangu hapo hajasema neno, wifi. Nimekosea nini?"

Nikamwambia hajakosea kitu. Nimekaa sakafuni sijui muda gani.

Jumamosi, 12 Aprili

Mambrui. Mama alikuwa anachagua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Mchele ukaenda mbele, ukarudi. Nilikuwa nimejitayarishia maneno njia nzima. Yote yakanitoka.

"Umekuja na kitabu chenyewe?"

"Ninacho."

"Kisome. Na usiruke."

Kumbe alijua.

Nikasoma. Tulisimama kwa sala tu. Mama hakunikatiza, hakucheka hata pale watu wote hucheka. Nilipoiona sura ya moto inakaribia nikatamani mgeni abishe hodi. Hakuja mtu. Nikasoma moto. Nikasoma mama wa Zuhura akichochea kuni. Nikafika pale Zuhura anapokula mbaazi huku analia.

"Hazikuwa mbaazi," mama akasema. "Zilikuwa kunde."

Akaweka ungo chini.

"Jirani aliniambia vitabu vile vina uchafu. Na jaladani pana mvulana na msichana wameshikana mikono. Nikavifunua. Nikatazama kurasa, moja baada ya moja, wewe uko shule. Ningejuaje kilichomo? Na kukuuliza wewe niliona haya. Nikuulize mtoto niliyekuzaa hapa pameandikwa nini?"

Sikuwahi kufikiria haya. Miaka yote nilifikiria hasira tu. Mhakiki kasifu kwamba mama yule hapepesi jicho, na hapepesi kwa sababu mimi sikumtazama machoni.

Nikamwambia nitaiondoa sentensi ya gazeti. Nikamwambia ningeweza, ningefuta sura nzima.

"Usifute. Nilichoma. Ulilia na nilikuona." Akachukua ungo wake tena. "Lakini huyu mama hana jina. Paka ana jina humu. Muuza mkaa ana jina. Yeye ni mama Zuhura mwanzo mpaka mwisho, kama hakuzaliwa na watu."

Mhakiki hakuliona hilo. Kazungu hakuliona. Mimi mwenyewe sikuliona.

"Nimwite nani?"

"Si langu. Langu usilitie." Akaokota chuya, akaitupa. "Mwite Mwanakheri."

"Kwa nini Mwanakheri?"

"Nalipenda."

Jumatatu, 14 Aprili

Nimezungumza na Kazungu. Nimetaka mawili: jina liingie, sentensi itoke.

Jina halikumsumbua, ingawa kurasa zimeshapangwa na hawezi kuligusa kila mahali. Sentensi ndiyo iliyotugombanisha. Anasema mwalimu akiona vile jaladani hununua, na mzazi hununua kwa hamu ya kujua. Nikamwambia aweke ile ya vijana hawadanganywi. Akasema hiyo haimshtui mtu. Nikamwambia basi idhini hana.

"Unaitupa bahati yako mwenyewe, Asya."

"Nimesikia."

Akakata.

Alasiri akaniletea ujumbe mkavu. Sentensi imetoka. Jina limeingia mahali patatu, na moja ni pale penye moto: Mwanakheri alichochea kuni. Nimelitazama muda mrefu. Moto ni uleule, ila sasa kuna mtu mbele yake.

Huenda Kazungu yuko sahihi na kitabu kitalala madukani. Naumia. Sitajidanganya kwamba siumii.

Jumanne, 22 Aprili

Jalada jipya limefika kwa simu. Halina maneno mengi nyuma. Rafiki mmoja wa shule akaniuliza mbona ile sentensi kali haipo. Nikasema nafasi haikutosha. Uongo, lakini mdogo.

Sijaandika kitu kipya. Nakaa, naamka, nakwenda dirishani. Kila mhusika ninayemwanza naona hana macho.

Jumamosi, 26 Aprili

Shule zinafunguliwa Jumatatu. Nimekwenda Mambrui kuaga.

Mhakiki yuleyule amesifu kitabu kingine wiki hii, cha watoto wadogo, kimeandikwa na mwanamke wa Tezo. Amesifu kwa moyo. Niliona wivu kidogo, ukapita. Nilikinunua nikakichukua, nikidhani nitawaachia watoto wa Halima.

Mama akakiona mkobani. Akakunjua mkeka barazani, akanyoosha miguu, goti linamsumbua siku hizi.

"Hicho nacho wamekisifu?"

"Sana."

"Haya."

Nikasoma. Ni habari za msichana anayemtafuta kuku wake nyumba kwa nyumba. Kurasa mbili tu, mama akainua mkono.

"Mtoto huyu mbona anaingia nyumba za watu hasalimu?"

"Ana haraka, mama. Kuku kapotea."

"Hata kama."

Nikaendelea. Mvua ikaanza kurusha barazani, tukavuta mkeka ndani karibu na mlango. Akaniambia nisome polepole, na picha nimwonyeshe.