Sidii Juu ya Omena

Mama Achieng', nyar Uyoma, binti wa watu wa Uyoma,

Mimi si mtu wa kuandika, unajua. Lakini Achieng' anakuja Jumamosi kunichukua niende kukaa Kondele, kule Kisumu, na ndugu yangu Okoth anasema nisitoke kwa boma. Sijajibu mtu. Nimekuja kwako kwanza.

Nimechoka. Mchana nabeba barafu pale ufuoni, nikirudi nakuta jiko baridi. Mpaka leo nyavu zako za kuanika omena, wale dagaa wa ziwa, zilikuwa nje, zimekunjwa. Ile sidii yako, ile sahani ya kung'aa ya kompyuta, ilikuwa bado inaning'inia kwa kamba, inazunguka, inafukuza ndege na hakuna omena.

Unakumbuka vile ilifika hapo?

Ilikuwa ule mwaka magugu ilifunga ziwa. Wanunuzi wa samaki walimpa Achieng' laptopu, ile kompyuta ya kufunika kama kitabu. Aandike kilo pale kwa mizani, na hesabu ifike stoo kubwa kwa hewa, bila waya. Wewe ukauliza, "Ifike namna gani? Iko na mabawa?" Akakuonyesha kadi ndogo imechomekwa ubavuni. Akasema hiyo ndiyo inashika hewa, lakini inataka programu ya kuiongoza. Na programu ziko mbili. Moja ilikuja ndani ya laptopu. Ingine ni ya kampuni iliyotengeneza kadi, iko kwa sidii. Hakujua atumie gani.

Na alikuwa kwa majaribio. Mkubwa wao angekuja kutoka Kisumu kuangalia. Ikikataa, kazi inaenda kwa mtu mwingine. Mtoto alikuwa hata ugali hamalizi.

Wewe ulikuwa unageuza omena. Hukuinua kichwa.

"Tumia ile ilizaliwa ndani," ukasema. "Mwenye kuzaliwa kwa nyumba ndiye anajua nyumba. Ya kuletwa ni ya nini?"

"Sawa, Mama."

Basi ukachukua sidii, ukapitisha kamba kwa ile shimo yake ya katikati, ukaitundika juu ya nyavu. Jua ikaipiga, ndege wakatawanyika. Ulifurahi sana. "Kumbe hii kampuni imenisaidia mimi!"

Kwanza ilienda vizuri. Halafu ikaanza kusumbua. Achieng' akiwa karibu na stoo, inashika. Akishuka kwa mizani, inaachilia. Anapanda, inashika. Anashuka, inaachilia. Wavuvi wakamchokoza, "Madam, kompyuta yako inaogopa maji?" Alikuja nyumbani analia, na mkubwa anakuja kesho yake.

Fundi wa mjini alikuwa amepita, tukamwita. Akaangalia, akasema, "Hii ya ndani inajua kadi zote, kidogo kidogo. Ile ya kampuni inajua kadi yake vizuri. Weka hiyo. Sidii iko wapi?"

Achieng' akakuangalia. Mimi pia.

Ulikimbia, mtu mzima, leso imeshikwa mkononi. Ukafungua kamba, ukapangusa magamba, ukaleta.

"Mama, hii inanuka," fundi akasema.

"Hata pesa utalipwa hapa itanuka samaki, Bwana. Weka."

Ikasoma. Lakini mambo ikaharibika zaidi, kwa sababu programu zote mbili zilikuwa zimewashwa. Moja inashika, ingine inanyang'anya. Hewa inakuja, inapotea, hata pale karibu na stoo. Fundi akasema haziwezi kuongoza kadi moja pamoja. Moja lazima izimwe.

Achieng' hakuthubutu kukupita. Ukakaa chini, ukasema pole pole, kama mtu ameshindwa kesi, "Zima hiyo ya ndani."

Fundi akazima. Achieng' akashuka na laptopu mpaka kwa mizani, akapita, mpaka maji ikamgusa miguu. Ilishika. Kesho yake mkubwa alikuja, akaona, akampa kazi. Wewe ukarudisha sidii kwa kamba yake.

Siku hiyo nilikucheka. "Nyar Uyoma, wewe mwenyewe uliletwa hapa. Hukuzaliwa hii boma."

Ukaniangalia. "Na nani ameishika?"

Nikacheka zaidi. Sasa sicheki.

Mimi ndiye nilizaliwa hapa. Kila jiwe naijua. Lakini ni wewe ulijua nani amefiwa, nani ni mgonjwa, nani hasemezani na nani, mgeni atakula nini. Tangu tukuzike, watu wanapita hapo nje ya ua wanaenda zao. Siwalaumu. Wakiingia nitawaambia nini? Nabaki naangalia mlango.

Okoth anasema, "Mwanaume ni boma yake. Utaenda kulala kwa binti kama mgeni?" Achieng' anajua kwa desturi yetu baba hawezi kulala kwa nyumba ya mtoto wake. Amenitafutia chumba kando ya yake, na mlango yangu mwenyewe. Okoth anasema hata hiyo ni aibu. Lakini Okoth hajawahi kuuliza nimekula nini.

Achieng' ni wewe mtupu. Akiingia mahali, mahali panashika.

Kitu ilinizuia ni kaburi yako. Leo nimefyeka nyasi yote. Jirani yetu Mama Adhiambo amesema atakuwa akiiangalia, nami nimempa nyavu zako. Zikikaa zimekunjwa zitaoza. Akaangalia juu, akauliza, "Na ile ya ndege, Baba Achieng'?"

Nikamwambia hapana. Nimeifungua, nimeiweka kwa mfuko ya koti. Kondele sitaanika omena. Lakini inaenda na mimi.

Nitamwambia Achieng' ndiyo. Usidhani nimekuacha. Siku yangu ikifika watanileta hapa kando yako, hata Okoth hiyo hatakataa. Mpaka hapo acha nishikwe na mtu, nyar Uyoma. Mimi peke yangu imenishinda.

Pumzika.

Bwana yako, yule wa kuzaliwa hapa,
Baba Achieng'