Kengele Iliyonyamazishwa na Mvua

Usenge, Jumapili 6 Aprili 2025. Asubuhi jua, mchana mvua kubwa.

Nyara, binti yangu Adongo,

Nakuandikia kwa simu. Habari za Nyalenda? Sisi wazima, goti tu linasumbua.

Ile kengele ya mvua uliyotutengenezea imeniaibisha. Alhamisi kulikuwa na manyunyu, ikalia vizuri, tukaanua omena, dagaa wetu. Leo mvua kubwa imekuja, ikalia mara moja, ikanyamaza. Omena yote imelowa. Akello wa kikundi chetu cha kukausha omena anacheka: "Beldina, mtambo wa binti yako unaogopa mvua!" Kikundi kimenipa mvua moja tu. Ikinyamaza tena kengele inashushwa, na mimi naacha uenyekiti.

Mama yako

Nyalenda, Jumanne 8 Aprili. Asubuhi ukungu, hakuna tone.

Mama,

Pole kwa goti na kwa omena. Mimi mzima, tena nina furaha siwezi kukaa: kengele imekwama hata hapa kwangu, sasa naweza kuona kosa!

Nilikuwa naijaribu kwa kunyunyiza maji na vidole. Leo nimechukua mtambo wangu wa pili, nikafungulia bomba juu ya kibao chake kinachohisi mvua. Jirani yangu Valarie akapiga kelele: "We Adongo! Sisi tunapanga foleni, wewe unaogesha waya?" Nikaruka: "Imekwama! Imekwama!" Wote foleni wakasema niitiwe pasta.

Sikiliza. Kila tone likigusa kibao linakatiza mashine: acha yote, nishughulikie. Ile driva niliyoandika, programu inayounganisha kibao na mashine, ilikuwa inaandika kila tone kwenye kadi ya kumbukumbu papo hapo. Kuandika ni polepole. Manyunyu iliyamudu. Mvua kubwa ikaisonga, isipate nafasi hata ya kuendelea kupiga kengele. Ni kama kuchambua omena mvuani badala ya kuvuta neti ndani kwanza. Sasa nimeiamuru: washa kengele, weka alama, toka. Kuandika baadaye.

Tom mnunuzi wa samaki anakuja huko kesho na kadi mpya yenye programu hii. Zima, badilisha, washa. Akello asiiguse!

Bintiyo

Nyalenda, Ijumaa 11 Aprili. Asubuhi mawingu meusi upande wenu wa Bondo.

Mama,

Mko salama? Mbona kimya? Tom anasema alikupa kadi. Bomba langu si mvua, najua. Niambie hata kama kengele imeshushwa.

Bintiyo

Usenge, Jumamosi 12 Aprili. Asubuhi jua la kudanganya.

Nyara,

Tuko salama. Mvua haikuwepo, ningekuandikia nini? Leo saa nane mvua imeshuka kama imetumwa. Kengele imelia! Tumekimbia mpaka Akello ameacha kiatu mchangani. Omena yote iko ndani. Wamesema inabaki.

Lakini nyara, mvua imekwisha na bado inalia. Mbuzi wamekimbia. Chifu ametuma mtu kuuliza nani amekufa. Inazimwaje?

Mama yako, mwenyekiti bado

Nyalenda, siku hiyo hiyo. Hapa pia imenyesha.

Mama,

Aki nimecheka mpaka machozi! Nimeiamuru ilie, nikasahau kuiamuru inyamaze. Chomoa betri. Kesho nakuja mwenyewe na kompyuta. Mwambie chifu hakuna msiba.

Tangu Jumanne sijalala vizuri. Nalala sasa, saa moja na nusu jioni.

Bintiyo Adongo