Ukanda Uliolowa

Mjukuu wangu Njeri,

Sisi tuko salama. Goti la cucu, bibi yako, limepoa, ameanza tena kwenda kanisani kwa miguu, na Jumapili mama yako alituletea maharagwe.

Umeniuliza nilipataje medali ya kuogelea, baiskeli na mbio, ilhali hata beseni hunitisha. Nilikimbia tu. Klabu yetu huruhusu watu watatu kugawana kazi. Atieno aliogelea kule Kilimani, akamfunga Mutua kifundoni ukanda wa kupima muda. Mutua akaendesha baiskeli hadi Dagoretti, akanifunga mimi. "Guka, sasa ni wewe," akasema.

Kwenye mlima wa Waithaka pumzi iliniishia. Niliinama kufungua viatu nikae kando ya barabara, mkono ukagusa ule ukanda. Ulikuwa bado umelowa: maji ya Atieno, jasho la Mutua. Nikawaza, hawa wamefika mpaka hapa, nitawaachaje njiani? Nikaenda polepole hadi mwisho. Nawashukuru mpaka leo.

Timu ilipewa medali moja. Ukija Krismasi usishangae kukuta msumari mtupu ukutani. Zamu yangu imeisha, iko kwa Atieno.

Guka wako