Rudi Ufanye Hesabu, Dada Kerttu

Njia ya Ufukweni 14,
Haukilampi,
Ufini.

24 Februari

Mpendwa dada Kerttu,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi, ingawa najua huko Luleå, Uswidi, nako hakuna joto la kuringia. U hali gani? Kifua kimepona? Mama mkubwa Sirpa, mama yako, alisema ulikuwa ukikohoa ulipoondoka Januari. Baba yako hajambo? Na hiyo kazi ya bekari, bado wanakuamsha kabla hata ya jogoo? Sisi huku tu wazima. Bibi Aune ni mzima, ila magoti yake yanalalamika kama kawaida. Mimi pia ni mzima isipokuwa jicho la kushoto, na habari za jicho hilo nitakueleza, maana waliolisababishia hayo ni wenzako.

Naandika kwa mkono kwa sababu nimechoka kuandika kwenye simu. Ujumbe wangu wote umeusoma, alama naiona, na hujajibu hata mmoja. Barua angalau sitajua kama umeisoma, kwa hiyo nitabaki na matumaini.

Nianze na habari za shule. Tumefika katikati ya muhula na hakuna anayesoma. Mapema mwezi huu mwalimu mkuu aliniita ofisini. Njia nzima nilijiuliza nimekosa nini. Kumbe alitaka niandike neno la kuwatia moyo wanafunzi na wazazi, liwekwe kwenye ukurasa wa shule kabla ya likizo. "Wewe si ndiye unayesoma vitabu?" aliniambia, kama mtu anayetaja ugonjwa. Nikaandika kurasa mbili. Niliandika juu ya kugawa muda, juu ya kuanza na somo unaloliogopa, na juu ya kutojilinganisha na jirani. Nilifuta, nikaandika upya, nikampelekea. Alichokiweka kwenye ukurasa ni hiki: "Laleni, kuleni, someni." Chini yake akaweka jina langu lote, mpaka la ukoo.

Hayo ningeyameza. Lakini Alhamisi ikawa siku ya malori, siku ambayo ninyi wa mwaka wa mwisho mnaiaga shule na kuzunguka mjini mkirusha peremende. Nilikuwa nimesimama mbele ya duka la vyakula na mdogo wangu Hilla. Lori la kwanza likapita salama. La pili likaja na shuka kubwa ubavuni, limeandikwa kwa rangi nyekundu: LALA, KULA, TUURE ATASOMA.

Mji mzima ulisoma. Jumapili hata mchungaji alinishika mkono mlangoni mwa kanisa akaniuliza, "Vipi Tuure, kusoma kunaendeleaje? Sisi tumelala vizuri." Mchungaji, Kerttu!

Joonas wa darasa lako ndiye aliyekuwa mbele kwenye lori lile, amevaa vazi la dubu. Aliponiona akapiga kelele, "Tuure! We msomaji! Fungua mdomo!" Sikufungua. Peremende ikaja kama risasi, ikapiga miwani, na kioo cha kushoto kikapasuka. "Pole bwana mdogo, nililenga mdomo!" akasema huku lori likiondoka. Nami nikamjibu asante. Mpaka leo sijui kwa nini nilimwambia asante.

Hilla, badala ya kunihurumia, alikuwa chini akiokota peremende kwenye theluji.

Darasa lako ni la wapumbavu, nalisema waziwazi. Lakini kwenye benchi la lori, kando ya Joonas, waliacha nafasi moja wazi walipozunguka mji mzima, ingawa wengine walisimama. Nilimuuliza baadaye kwa nini. Akasema, "Ya Kerttu hiyo, ungependa niikalie mwenyewe?" Basi.

Kesho yake ilikuwa zamu yetu wa mwaka wa pili kucheza Dansi ya Wazee, maana mkishaondoka ninyi, sisi ndio wazee wa shule. Unajua jinsi ninavyopenda kutazamwa na watu. Nilivaa koti lenye mkia na miwani iliyofungwa kwa utepe wa gundi, na mwenzangu alikuwa Iiris, yule golikipa, ambaye ananizidi kimo kwa kichwa kizima. Ukumbi ulijaa wazazi. Mimi nilikuwa naona Iiris wawili.

"We Tuure, huo mguu ni wangu," akaninong'oneza.

"Samahani."

"Usiombe samahani, uondoe!"

Katika ile dansi ya kubadilishana wenzi nilimshika mkono mama wa mtu aliyekuwa amekaa mstari wa mbele. Alikuwa mpole, alisimama akacheza hatua kadhaa, kisha Iiris akaja kunichukua kama anayefuata mzigo wake kituoni. Bibi anasema ndilo lililokuwa jambo zuri kuliko yote. Ana picha.

Lakini siyo hayo yaliyonifanya nichukue kalamu. Baada ya dansi nilikwenda chumba cha muziki kurudisha koti, na mwalimu Tarja alikuwa akiyahesabu makoti na kuyatundika. Akaniuliza kama utarudi Machi kufanya mtihani wa hesabu. Nikamwambia ulivyoandika kwenye kadi uliyomtumia Bibi, kwamba hurudi, tusikusubiri, hesabu haimo kichwani mwako.

Tarja akaacha makoti. "Haimo? Nani kasema haimo?"

"Yeye mwenyewe."

"Sikiliza. Mimi ndiye niliyesimamia ule mtihani wake wa Septemba. Hesabu siijui, nikigawa keki nyumbani watoto wanapigana. Lakini macho ninayo. Nilipita nyuma ya kiti chake, skrini ya kompyuta imejaa maandishi. Nikazunguka ukumbi, nikarudi: nyeupe. Nikapita tena, imejaa. Nikarudi, nyeupe! Saa sita nzima, Tuure. Na msimamizi haruhusiwi hata kukohoa. Nilitamani nimshike mkono."

Nikamkabidhi koti langu. Jumatatu nikafanya kitu ambacho si kawaida yangu: nilibisha mlango wa mwalimu Risto wa hesabu bila kuitwa. Unamjua Risto, maneno kwake ni kama damu, hayatoi hovyo. Nilimuuliza kama kweli hujui hesabu. Akasema, "Alibakiza jibu moja tu kwenye skrini. Lilikuwa sahihi. Nimefundisha miaka mingi, na huyo ndiye mtu wa kwanza kumwona akifeli bila kukosea."

Kerttu, nimekasirika. Sijawahi kukukasirikia tangu uliponisukuma kwenye shimo la barafu baada ya kuoga mvuke kwenye sauna, na hii ni kubwa kuliko ile. Tangu matokeo yalipotoka Novemba tumekuwa tukikuhurumia kwa jambo ambalo si la kweli. Bibi amewaeleza majirani wote kwamba ukoo wetu haukujaliwa hesabu. Mama mkubwa amemlaumu baba yako, kisha akajilaumu mwenyewe, kisha akamlaumu Risto. Mimi niliacha kukuuliza maswali ya hesabu ili nisikutoneshe kidonda, matokeo yake nimepata sita kati ya kumi kwenye mtihani wa katikati ya muhula, sita mimi! Na wewe muda wote ulijua. Ulikuwa na majibu, ukayafuta.

Na ni wewe uliyenifundisha kugawa kwa sehemu, kwa kuchora duara kwenye ubao wa sauna kwa kidole chenye maji. Lilikuwa linakauka kabla hujamaliza, ukawa unachora jingine huku unacheka. Hukuwahi kuniuliza kama una uhakika.

Sitakuambia usiogope. Ningekuwa mnafiki. Mimi naogopa kuagiza chai mkahawani, hiyo unaijua, wewe ndiye uliyekuwa ukiniagizia. Naogopa simu ikilia. Ijumaa niliogopa ndani ya suruali ya kukodi, na nilicheza vibaya mbele ya mji mzima, na Jumamosi nikaamka, nikala uji, na hakuna kilichokuwa kimebadilika isipokuwa picha za Bibi. Nimelifikiria sana hilo. Mtu anaweza kufanya jambo vibaya mbele za watu na bado akala uji. Lakini wewe umeamua kutolifanya kabisa, na hapo sioni uji wowote.

Bila hesabu cheti hakitoki. Bila cheti hakuna chuo cha ukunga Oulu, na ukunga umeusema tangu ulipomsaidia paka wa Bibi kuzaa ndani ya kapu la sufu. Usiniambie sasa unaupenda mkate. Hakuna ubaya na mkate. Lakini ulikwenda bekari kwa kukimbia, na mtu anayekimbia haangalii anapoishia.

Jina lako bado limo kwenye mtihani wa Machi. Ulijiandikisha mwenyewe, kabla hujakata tamaa, na hakuna aliyekufuta. Sasa ni likizo ya kujisomea, shule imewaachia wa mwaka wa mwisho chumba kile cha juu chenye joto. Sisi wengine tuko likizoni kuanzia Jumatatu ijayo, kwa hiyo mimi nitakuwa huru asubuhi hadi jioni. Karatasi za mitihani ya zamani nimezipanga, kuanzia nyepesi. Risto amesema atakuja siku utakayotaka. Alisema neno moja tu, "Nitakuja," lakini kwa Risto hiyo ni hotuba.

Sasa habari za nyumbani, ambazo nazo zinanichosha. Kadi yako Bibi ameibandika kwenye friji, upande wa picha ukiwa nje na maandishi yako yakiutazama mlango wa friji. Siku ya pili nikamkuta anatafuta chakula cha mtihani wako. Unajua mnakula humo humo ukumbini na chakula hakitakiwi kupiga kelele, basi anakaa jikoni anatafuna kila kitu na kuniuliza mimi niliye sebuleni, "Hiyo umeisikia?" Karoti niliisikia. Tufaha nililisikia. Ile mikate yake midogo ya unga mweusi wa rai yenye wali ndani haisikiki kabisa, kwa hiyo imepita. Mikate ya iliki nayo imepita. Chupa ya maji ya matunda ameshaibandua karatasi ya jina, kama sheria ya mtihani inavyotaka, na kuiosha, imekaa dirishani tupu, inasubiri. Nilimwambia, "Bibi, Kerttu amesema haji." Akanijibu, "Na wewe umesema huisikii hii? Sikiliza tena."

Mama mkubwa Sirpa anazoa theluji. Anatoka kazini, anachukua koleo, anazoa mpaka palipokwisha safishwa. Juzi nilimwona akizoa kwenye nyasi. Ukimuuliza anakuambia njia lazima iwe wazi. Njia ya nani, hasemi, na mimi si mtu wa kumuuliza mara mbili.

Siwezi kuvumilia nyumba mbili za watu wanaokungoja bila kutamka. Kwa hiyo mimi nimetamka. Jana mezani niliwaambia kwamba umekubali kuja. Najua hukukubali. Ni uongo wa kwanza mkubwa niliowahi kusema, lakini Bibi alicheka, na Mama mkubwa akavua glovu zake na kukaa chini kunywa kahawa, kitu ambacho sijamwona akifanya tangu Januari. Sasa hapa kuna mwongo mmoja, na wewe peke yako ndiye unayeweza kumwokoa.

Jambo la mwisho. Ile kompyuta ya zamani ya baba nimeitayarisha kwa mazoezi yako. Nimeng'oa kitufe cha kufutia. Kilitoka kwa kijiko. Palipobaki tundu nimebandika kadibodi, usije ukabonyeza kwa ukucha, maana nakujua. Ukiandika jibu, litakaa, liwe zuri au baya, na tutalisoma pamoja. Mtihani wenyewe utaufanya kwa kompyuta yako yenye vitufe vyote, ila nataka vidole vyako vizoee kwanza kuacha kitu kilipo.

Kitufe kimo ndani ya bahasha hii, kimefungwa kwenye karatasi ya peremende ya Joonas. Usikitupe. Baba hajui bado. Usinitumie kwa posta pia, kitapotea. Kilete mwenyewe.

Msalimie sana baba yako na yule mama wa bekari aliyekupa koti. Huku wanakusalimu Bibi Aune, Mama mkubwa Sirpa, mama na baba yangu, na Hilla, ambaye amekuwekea peremende saba na ameshakula nne. Tarja na Risto wanakusalimu pia, na Iiris anasema ukija atakuonyesha picha yangu na yule mama, hata nikikataa.

Mungu akupe usingizi mzuri na akulinde barabarani kutoka Luleå mpaka Tornio, maana kwenye daraja la mpakani sasa kuna barafu. Basi la asubuhi ndilo zuri. Nitakuwa kituoni.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata leo nikiwa na hasira,

Tuure