Kifaa Kilichokataa Kufa

Jumanne, Makindye. Mvua ilinyesha tangu alfajiri ikakatika saa nne, na sasa jua la jioni linawaka kana kwamba halina habari. Nimeketi barazani na kikombe cha chai. Mfuko wangu wa shati ni mwepesi, na wepesi huo sijauzoea.

Niseme ukweli mapema. Leo nimemficha mke wangu jambo, tangu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni.

Kazi yangu ni kuuza vitasa, bawaba na kufuli katika duka moja la vifaa vya ujenzi kule Old Kampala, na kuchonga funguo. Nilitoka Kakamega miaka kumi na mmoja iliyopita nikija kutazama tu, nikakaa. Mtu wa kazi yangu huona vitu kwa vidole. Nikishika kufuli najua uzito wake ni wa chuma au wa uongo, najua skrubu zake zitashika au zitazunguka hewani. Vitu vingi vinavyoingia mjini humu vinang'aa kwenye boksi na kufia mkononi, nami huvisema vibaya mbele ya wateja wenyewe wanaovinunua. Bosi ameshachoka kunikanya.

Ndiyo maana nakipenda kifaa changu cha kuvuta mvuke, sigara ya umeme niliyoinunua Nairobi miaka minne iliyopita. Nimesema nakipenda, na sirudishi neno.

Kasha lake ni aluminiamu nzito ya kipande kimoja, halina mahali palipoungwa kwa gundi. Kifuniko cha betri kinafunga kwa mlio uleule wa siku ya kwanza. Tangi nimelifungua na kulifunga mara zisizo na hesabu, na nyuzi zake za kukazia bado zinaingia bila kuyumba. Mpira mwembamba unaozuia maji yanayogeuka mvuke yasivuje haujakauka wala kupasuka. Koili zinazoyachemsha maji hayo nazisokota mwenyewe kwa waya na pamba, kwa sababu aliyekiunda alimwachia mtumiaji nafasi ya kufanya hivyo. Vile vya plastiki ambavyo watu huvuta wiki moja na kutupa siwezi hata kuvishika. Vinanitia hasira.

Kimeshaanguka kutoka ghorofa ya pili nilipopeleka bawaba kwenye jengo la mteja kule Kasubi. Kilidunda kwenye zege, nikakiokota, kikawaka. Kimeshakaa ndani ya beseni la nguo na sabuni kwa muda wa misa nzima, kwa sababu nilikisahau kwenye suruali. Nikakianika juani siku mbili, nikabadilisha betri, kikawaka. Toroli la saruji limeshakipanda, na kona moja ina kovu la hapo. Kila nikipapasa kovu hilo nafurahi, sijui kwa nini.

Sasa nifike kwa Akello, mke wangu.

Hapa Uganda vifaa hivi haviruhusiwi kuuzwa, na mke wangu ni askari wa trafiki. Ona bahati yangu. Lakini si sheria iliyomtia shaka. Akello alikulia kambini, mtoto wa mwanajeshi kutoka Gulu, na baba yake alivuta sigara mpaka mapafu yakamwisha. Akello ndiye aliyemuuguza. Nilipokuwa namaliza pakiti kwa siku na kukohoa mpaka majirani wakagonga ukuta, alinikalisha chini. Tukakubaliana. Niache sigara kabisa, nivute kifaa hiki kimoja tu. Chupa za maji yake nikirudi nazo kutoka nyumbani Krismasi, yeye atatazama pembeni. Ila siku kitakapokufa, sinunui kingine. Siku hiyo nimeacha.

Nilikubali haraka sana. Vitu vya umeme havidumu, nilijiambia, na mwaka mmoja nitakuwa nimejiandaa.

Miaka minne. Kila kilipoanguka Akello alinitazama machoni, akasubiri, kikawaka, akarudi kwenye shughuli zake. Hajawahi kulalamika. Kikohozi kimeondoka, hilo ni kweli na namshukuru Mungu. Lakini kuacha sijaacha.

Leo asubuhi Akello alikuwa ameshaondoka kazini. Nikabonyeza kitufe, taa haikuwaka. Nikabadilisha betri. Nikakitia kwenye chaji. Nikakipiga kidogo na kiganja, kama wanavyopiga redio wasiojua redio. Kimya kabisa.

Kilikuwa kimekufa, na nilijua nilichoahidi. Nilichofanya ni kukifunga kwenye leso na kuteremka mbio, na mvua ile, mpaka kwa Afande Drani.

Afande Drani ni mzee wa West Nile, mstaafu wa jeshi. Maisha yake yote jeshini alitengeneza redio za mawasiliano, na sasa ana kibanda chini ya kilima chetu ambamo anatengeneza pasi, birika, feni, chochote chenye waya. Hakuniuliza ni kitu gani. Alikigeuza, akakipima uzito, akafungua skrubu nne na kuzipanga juu ya kitambaa kwa mpangilio wa zilivyotoka. Halafu akakaa akitazama ndani kwa muda mrefu, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua.

“Hii kitu ilitengenezwa na mutu mwenye heshima,” akasema.

Nilijisikia kana kwamba amemsifu mwanangu. Akanionyesha waya zilivyolazwa bila kuvutwa, lehemu ndogo zinazong'aa, kila moja sawa na mwenzake, hata mahali ambapo hakuna mnunuzi angefika kutazama. Hiyo ndiyo sehemu iliyonigusa. Mtu fulani, mbali huko, alifanya kazi safi gizani.

Kisha Afande akachukua brashi ndogo, akafagia tundu la chaji. Vumbi la manjano likaanguka kwenye kitambaa.

“Wewe nakata funguo?”

Nikajua papo hapo. Kila siku kazini nakilaza kifaa pembeni ya mashine ya kuchonga funguo, na unga wa shaba unaruka. Miaka yote hiyo nimekuwa nikikilisha shaba.

“Hii si ugonjwa ya kifaa,” Afande akasema. “Hii ni uchafu yako. Haikukufa. Iliona umeme iko na njia mbaya, ikajifunga yenyewe. Ingekuwa ile ya bei rahisi, ingewaka moto kwa mufuko yako.”

Akasafisha kwa spiriti, akakausha, akarudisha skrubu. Akabonyeza. Taa ya bluu.

Hakikufa! Sitaficha furaha niliyokuwa nayo. Zaidi ya furaha, nilikuwa na hoja. Ahadi ilisema kikifa. Hakikufa, kilijilinda tu. Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya wakili.

Nikanyoosha mkono. Afande akakiweka kwenye rafu nyuma yake, akatoa daftari.

Mtaa mzima unalijua daftari hilo na mtaa mzima unanung'unika. Afande haachii kitu chochote bila sahihi mbili. Ya kwanza ya mbebaji, ya pili ya aliye nyuma yake. Jeshini, anasema, redio haitoki karakana mpaka wawili hao wasome ilichougua na wasaini.

“Redio ikinyamaza, ni yule wa nyuma atakufa,” alinieleza, bila kupandisha sauti. “Lazima ajue.”

“Na pasi je, Afande?”

“Pasi pia. Nguo ya nani naungua?”

Nikamwambia nitamleta jirani yangu wa duka asaini. Akatikisa kichwa. “Usilete mutu wa duka. Mimi najua bibi yako. Mwaka jana alinisimamisha na pikipiki.” Akaandika, akachana karatasi, akanipa. Kifaa kikabaki rafuni na taa yake.

Karatasi imekaa mfukoni kutwa nzima. Nimechonga funguo kumi na moja na mbili kati yake nimeziharibu. Nilifikiria kughushi sahihi. Naandika hili nikiwa na haya, lakini nililifikiria, hata nikaijaribu juu ya boksi la bawaba.

Akello alirudi saa kumi na moja, sare nyeupe ikiwa na matope pindoni, miguu imemvimba kwa kusimama. Sikumngoja hata akae. Nilimpa karatasi kabla sijapata ujanja mwingine. Akaisoma amesimama, kofia bado kichwani. Afande ana mwandiko mzuri wa herufi kubwa: KIFAA CHA KUVUTA. UGONJWA: UNGA WA SHABA. SASA NI KIZIMA. KITAKAA MIAKA MINGI.

“Kwa hiyo hakikufa,” akasema.

“Hakikufa.”

Alisoma tena, nadhani ule mstari wa mwisho. Nilikuwa na hoja zangu zote tayari, lakini hakuniuliza chochote. Akachomoa kalamu ya mfuko wa kifuani, ileile anayowaandikia madereva, akaiweka karatasi ukutani na kusaini kwenye mstari wa aliye nyuma. Aliandika jina lote, la ubatizo na la baba yake.

“Ungeweza kuniandikia sahihi mwenyewe,” akasema. “Asante kwa kuileta.”

Akaingia ndani kuvua buti.

Nilitaka akatae.

Hilo ndilo nimeligundua hapa barazani, na chai imeshapoa. Nilitaka akasirike, aichane karatasi, aseme ahadi ni ahadi. Ningeacha huku nikimlaumu yeye, na ingekuwa rahisi zaidi. Au nilitaka kifaa kiwe kibovu kama vingine, kinifanyie kazi hiyo. Miaka minne nimengoja chuma kichoke kwa niaba yangu, na chuma chenyewe kiliundwa na mtu asiyefanya kazi ya kubahatisha.

Bado nakisifu. Hata sasa nikifumba macho naweza kusikia kile kifuniko kikifunga. Kitadumu pale kwa Afande kuliko pasi zote za Makindye, na siku akimwonyesha fundi mwingine lehemu zile ningependa niwepo.

Vidole vyangu vinatafuta mfuko kila baada ya dakika chache. Kifua hakiumi, ila nina wasiwasi wa mtu aliyesahau kufunga mlango. Sijui kesho asubuhi, mashine ikianza kupiga kelele, nitakuwa mtu wa namna gani.

Karatasi iko mbele yangu, na kalamu ya Akello ameiacha juu yake. Mstari wa pili umejaa jina lake lote. Mstari wa kwanza, wa mbebaji, bado ni mtupu, na nadhani nitauacha hivyo.