Mwanakaya Namba Mbili

Nyumba ya tatu nyuma ya kituo cha afya,
S.L.P. 218.
2 Machi.

Mpendwa kaka,

Salamu zitangulie, maana nikianza na habari Mama atasema sikulelewa. Hujambo? Wifi hajambo? Na watoto je, yule mkubwa ameshapona ile homa ya kila baridi ikianza? Kifua chako kinasemaje? Sisi huku ni wazima kwa kadiri ya uzima wetu. Shemeji yako analalamika mgongo, ambao humuuma zaidi siku za kufagia uwanja. Wanangu wanasoma, au angalau wanaondoka asubuhi na madaftari. Mimi nimepungua kwa kutembea, na viatu vyangu vimepungua kuliko mimi.

Namba yako tuliyonayo haipatikani tangu Novemba, ndiyo maana nakuandikia kwa anwani ya karakana. Posta wanasema siku kumi, wakijitahidi. Nimehesabu, barua itakufikia kabla ya tarehe ishirini. Shika tarehe ishirini na nane akilini, nitairudia.

Kutembea huko ni kwa ajili ya kazi. Tangu Januari nimeajiriwa kuwa mdadisi katika utafiti wa afya ya jamii na hali za familia. Tunakwenda nyumba kwa nyumba na dodoso la kurasa ishirini na mbili. Tunauliza nani anaishi humu, wanakula mara ngapi kwa siku, choo kiko wapi, nani mgonjwa, nani anamtunza nani. Tunapima presha, uzito na urefu. Watu hutuambia mambo ambayo hawajawaambia wake zao, halafu hutuuliza kama tumekuja kugawa vyandarua. Hatukuja kugawa kitu.

Kazi yenyewe naipenda. Ina mwongozo, na mwongozo una jibu la kila jambo. Kwa mfano, mwanakaya ni mtu aliyelala katika nyumba hiyo kwa miezi isiyopungua sita katika mwaka uliopita. Si anayetarajiwa, si aliyezaliwa pale, si mwenye picha ukutani. Aliyelala. Siku ya kwanza nililiona hilo kuwa jambo dogo kabisa.

Nyumba huchaguliwa kwa kura, na kura ikaangukia nyumba ya Mama. Sheria inakataza mdadisi kumhoji ndugu yake, basi tukabadilishana mitaa na mwenzangu mmoja. Sisi tunamwita Bwana Penseli kwa sababu hujaza fomu nzima kwa penseli kwanza, na huipitishia wino baada ya kukaguliwa. Ni kijana mwenye adabu sana. Adabu yake ndiyo iliyotuponza.

Kila Ijumaa tunakaa ofisini, chumba kimoja chenye meza mbili na feni isiyozunguka, tunabadilishana fomu kukaguana makosa. Fomu hazina majina, zina namba tu. Ijumaa moja nikapewa rundo la Bwana Penseli, na fomu ya nne ilikuwa ya kaya yenye watu wawili. Wa kwanza, mwanamke, miaka sabini na moja, mjane, mkuu wa kaya. Wa pili, mwanamume, miaka arobaini na moja, mtoto wa mkuu wa kaya, fundi wa friji. Hali ya ndoa, hajaoa. Maradhi, kifua kikipata baridi.

Kaka, nilisoma mara mbili kabla sijaelewa kwamba ninakusoma wewe.

(Wifi asikasirike kwa hilo la kutokuoa. Mama anampenda. Ila aliyekuwa akimtaja ni wewe wa zamani, yule kijana wa chumba cha nyuma.)

Nilimwita Bwana Penseli pembeni. Aliniapia kwamba alifuata mwongozo neno kwa neno. Aliuliza, "Nani mwingine amelala hapa miezi sita au zaidi katika mwaka uliopita?" Mama akamchukua mpaka chumba chako, akamfungulia mlango. Kitanda kimetandikwa, shuka zimenyooshwa, taulo limekunjwa kwenye kiti. Mama akasema, "Kitanda chake si hiki hapa?" Mwenzangu akaona aibu kubishana na mama wa watu. Akaandika ndiyo.

Mwongozo unasema pia kwamba mwanakaya asipokuwepo lazima arudiwe mara tatu. Akarudi mara tatu kukutafuta. Mara ya kwanza Mama alimwambia umetoka kidogo. Mara ya pili alimwambia uko kazini, na kwa haki hapo hakusema uongo. Mara ya tatu alimwambia, "Huyo akishika kazi hajui kurudi, kaa unywe chai." Bwana Penseli alikunywa chai zote tatu. Urefu wako waliupima kwenye fremu ya mlango, pale Baba alipokuchora mstari ulipotimiza miaka kumi na minane. Kuhusu uzito Mama alitoa ile picha uliyotuma mwaka juzi, umeegemea friji, akamwambia, "Andika amepungua." Hakuna kisanduku cha amepungua, kwa hiyo pakaachwa wazi.

Usidhani akili yake imepungua. Dodoso lina maswali ya kumbukumbu kwa wazee. Alitaja siku, tarehe na mwezi, akahesabu kutoka mia kurudi nyuma kwa saba saba mpaka Bwana Penseli mwenyewe akapotea. Alipata yote. Mama anajua vizuri kabisa ulipo na ni miaka tisa tangu uondoke. Wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Kwa Mama lako lote lipo, na shuka hubadilishwa kila Jumatatu.

Sasa nikuambie kwa nini jambo hili si la kuchekea tu. Kutokana na fomu hizi inatengenezwa orodha ya wazee wanaoishi peke yao. Mzee aliyemo atatembelewa na mhudumu wa afya mara mbili kwa wiki. Atapimwa presha, ataangaliwa dawa zake, na zaidi ya yote kutakuwa na mtu wa kujua kama mlango umefunguliwa asubuhi. Mama hayumo. Nyumba yake ina mwanamume mwenye nguvu, wa miaka arobaini na moja, ambaye kwa karatasi hulala chumba cha nyuma.

Mwanamume huyo hakuwepo Januari, Mama alipoteleza bafuni. Ilikuwa kabla ya saa moja asubuhi. Alilala sakafuni hadi saa sita kasoro, jirani mshonaji alipokuja kuazima mkasi akasikia sauti. Hakuvunjika, ni kifundo cha mkono tu kilichovimba na baridi iliyomwingia. Nilipofika aliniambia alikuwa amejipumzisha. Presha yake siku hiyo sikuitaka hata kuisikia. Yule mshonaji, ambaye hana kona katika maneno yake, alisema mbele yetu sote, "Fimbo ya mbali haiui nyoka, mama." Siku hiyo Mama hakumwazima mkasi.

Utauliza mimi nilikuwa wapi. Nilikuwa kwangu, upande wa pili wa mji, nawafunga watoto vifungo vya mashati. Nakwenda kwake kila Jumamosi, nafua, nanunua dawa, narudi. Nimemwomba ahamie kwangu mara nyingi hadi mume wangu ameanza kuniomba mimi ninyamaze. Jibu lake ni moja: "Nikihama, akirudi atamkuta nani?"

Katika fomu ile sikutajwa popote. Kwa mujibu wa mwongozo ni sawa, sikulala pale hata usiku mmoja. Nilijiambia hivyo.

Lakini wewe ni kaka yangu, acha nikwambie yote. Ijumaa ile wenzangu walitoka kwenda kula, nikabaki na fomu mkononi. Ilikuwa bado ni penseli tupu. Ufutio wa Bwana Penseli ulikuwa juu ya meza. Kukufuta kungechukua dakika mbili, mstari mmoja tu, kaya ingebaki ya mtu mmoja, na Mama angeingia kwenye orodha bila mtu kuambiwa. Nilianza. Niliifuta ile nne ya umri wako. Hapo nikajiona kwamba sifanyi kwa ajili ya Mama. Nilikuwa na hasira nawe, hasira ya kweli, ya mtoto anayefua shuka za kitanda ambacho mwenyewe hakilalii. Maana nani unadhani hubadilisha shuka hizo kifundo cha Mama kikiuma? Nikairudisha ile nne. Ukija kuiona fomu, hiyo ndiyo tarakimu pekee yenye mwandiko wangu.

Nikampelekea msimamizi, nikasema kila kitu, pamoja na ufutio. Ni mama mtu mzima, ametulia, kazi hii ameifanya miaka mingi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Majibu ni ya mwenye nyumba, binti yangu. Hatuyarekebishi ofisini. Mpeleke mwenzako akamsomee tena ile maana ya mwanakaya, yeye mwenyewe akiri, atie sahihi." Akaongeza kwamba fomu zinafungwa tarehe ishirini na nane mwezi huu wa Machi. Zikifungwa, orodha haiguswi tena hadi utafiti mwingine, na utafiti mwingine ni baada ya miaka mitatu.

Bwana Penseli alikwenda Jumatatu. Alisoma ile maana polepole, kila neno. Mama alimsikiliza, akamwambia, "Nimeelewa, mwanangu. Hujakosea kitu. Lakini mimi siwezi kumtoa mtoto nyumbani kwa kalamu." Akampa chai ya nne.

Jumamosi nilikwenda mwenyewe. Sikwenda kama mdadisi, nilikwenda na sabuni. Tulichambua mchele sinia moja, hatukutazamana. Nikamwambia, "Mama, kusaini si kumfukuza." Akasema, "Najua." Nikamwambia habari ya mhudumu, ya presha, ya bafuni. Akasema, "Najua, mama." Unajua anapokuita mama jambo limekwisha. Kisha akaacha mchele, akasema, "Mimi sijasema anakaa hapa. Nimesema hajaondoka. Hakuniaga, aliniambia tu anakwenda kutazama kazi, atarudi mwisho wa mwezi. Mtu akitaka nitie sahihi kwamba ameondoka, basi aniambie yeye mwenyewe. Siku hiyohiyo nitasaini."

Nilikuwa sijui kwamba hukumuaga, kaka. Miaka tisa nimedhani mliagana. Niliendelea kuchambua mchele kwa sababu sikuwa na lingine la kufanya.

Nilimwomba ruhusa nikuandikie haya, maana majibu ya fomu ni siri. Akaniruhusu yote isipokuwa jambo moja, nisikwambie kwamba alianguka. Hilo nimekwisha kulisema huko juu, na barua nzuri haipigwi mistari.

Sikulaumu kwa simu ya Novemba wala kwa miaka tisa. Labda unazo sababu zako. Dodoso letu halina swali hilo, nami nimezoea kuuliza yaliyomo tu.

Ninachotaka ni kimoja. Namba ya Mama ni ileile. Simu hukaa juu ya kabati la vyombo, ndiko mtandao unakoshika, na huchukua muda kuifikia, basi iache iite. Asubuhi baada ya saa mbili anakuwa ameshakunywa dawa. Husikia kwa sikio la kulia, kwa hiyo akisema "subiri," anahamisha simu. Usianze na habari za kazi wala za nauli. Usimwahidi mwisho wa mwezi. Mwambie tu, "Mama, sikai hapo." Atanyamaza. Usikate simu, kaka. Hata akinyamaza kwa muda mrefu, usikate.

Bwana Penseli atarudi kwake tarehe ishirini na sita, na karatasi na kalamu ya wino. Nimemwambia akanywe chai kwanza.

Nisalimie wifi, mwambie deni la picha ya mdogo bado liko palepale. Wape watoto mkono wa shangazi yao, na mkubwa umvishe shati zito la baridi. Mume wangu anakusalimu, mgongo nao unakusalimu. Jirani mshonaji anakusalimu pia, na mkasi ameshaupata. Mama hakutuma salamu. Alisema salamu hutumiwa mtu aliye mbali.

Mungu akulinde huko ulipo, na akipe kifua chako hewa ya kutosha maneno matatu.

Ni mimi dada yako akupendaye, ambaye naye hakai pale.